Namba Iliyo Mgongoni mwa Transfoma

Katika stadi zote za fundi wa redio na amplifaya, ya kusoma namba ya transfoma ndiyo inayostahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa, kwa kuwa namba hiyo, ijapokuwa imeandikwa wazi, haisemi yote mpaka msomaji ajue ilipimwa katika hali gani. Transfoma iliyoandikwa volti 12 na ampea 1 inaahidi kwamba, ikilishwa volti 230 za umeme wa nyumbani na kubebeshwa mzigo wake kamili, itatoa volti 12 za mkondo geu. Isipobebeshwa kitu, mita huonyesha 13 au 14, jambo ambalo mwanafunzi hulidhania kuwa kasoro, ilhali ukinzani wa nyaya za koili hula volti pale tu mkondo unapopita.

Hata hizo 12 si kilele cha wimbi, bali ni kiwango kinacholeta joto sawa na lile la betri ya volti 12. Kilele hupatikana kwa kuzidisha mara 1.41, nacho ni karibu volti 17. Wimbi likipita kwenye daraja la dayodi nne, yaani vipande vinavyoruhusu mkondo kwenda upande mmoja tu, dayodi mbili huwa kazini kwa pamoja na kila moja hukata takribani volti 0.7, hivyo kapasita ya kuchujia, ambayo ni akiba inayojazwa kwenye kila kilele, hubaki na volti 15.5 hivi, na pasipo mzigo hukaribia 18. Ndiyo sababu kapasita ya volti 16, ambayo kwa jicho la haraka yaelekea kutosha, huvimba kichwa, na fundi makini huchukua ya volti 25 bila maelezo mengi.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, husikika kwenye mvumo. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 ikitoa nusu ampea hushuka kwa takribani volti 2 kabla kilele kingine hakijaijaza, na iwapo mbele yake kuna kidhibiti cha 7812, kinachohitaji kama volti 14 ili kitoe 12 thabiti, mabonde hayo hupenya hadi kwenye spika. Kwa kuwa daraja hugeuza nusu ya chini ya wimbi ikawa juu, mvumo huo ni wa Hezi 100, oktavu moja juu ya ule wa Hezi 50 unaoletwa mara nyingi na waya wa ardhi uliolegea, na sikio lililozoea huutambua kabla mkono haujashika mita.

Limebaki la ampea, ambalo wengi hulikosea. Kapasita hujazwa kwa mikupuo mifupi ya mkondo mkali, na joto la koili hufuata mraba wa mkondo. Kwa hiyo transfoma ya ampea 1 isidaiwe zaidi ya takribani ampea 0.6 za mkondo mnyoofu.