Mdaiwa Kabla ya Hukumu: Istilahi za Mwenendo wa Madai na Maandalizi ya Hakimu

Mwanasheria anayejiandaa kwa usaili wa uhakimu nchini Tanzania husoma mwenendo wa mashauri ya madai kwa lugha moja, kisha, akiajiriwa, hutarajiwa kuyaendesha mashauri hayo kwa lugha nyingine. Aghalabu pengo hili huelezwa kuwa ni uhaba wa istilahi. Maelezo hayo hayatoshi. Istilahi za Kiswahili katika uwanja huu zipo, na nyingi zimeundwa vizuri. Udhaifu uko katika namna zinavyosomwa: huchukuliwa kuwa vibandiko vya dhana za Kiingereza, ilhali kila moja ina maisha yake nje ya mahakama, na maisha hayo huingia mahakamani pamoja na wadaawa.

Historia ya matini zenyewe inaeleza sehemu ya tatizo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ilitungwa mwaka 1966 kuchukua nafasi ya sheria ya India ya mwaka 1908, iliyotumika Tanganyika katika enzi ya utawala wa Waingereza. Ukoo huo ungali dhahiri. Katazo la kufungua upya shauri lililokwisha kuamuliwa, ambalo mtahiniwa wa utumishi wa mahakama nchini India hulikuta katika kifungu cha 11, mwenzake wa Tanzania hulikuta katika kifungu cha 9 cha toleo la mwaka 2019, kwa maneno yanayokaribiana sana. Kiswahili cha madai kilipita njia nyingine. Kilikulia katika mahakama za mwanzo, ambako Sura ya 33 haitumiki na mashauri huongozwa na kanuni nyepesi zaidi za mwaka 1964. Marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku yakiruhusu Kiingereza kwa masharti, mapokeo hayo mawili yalikutanishwa. Maneno yaliyozoea utaratibu mwepesi yakatwishwa tofauti za kiufundi ambazo hayakuwa yameumbwa kuzibeba.

Neno mdaiwa ni mfano mzuri. Kimofolojia halina kasoro: limetokana na kitenzi dai na kiambishi cha kutendwa, na kutendwa hakuthibitishi kwamba dai ni la kweli. Nje ya mahakama, hata hivyo, mdaiwa ni mwenye deni. Matangazo ya wadaiwa sugu hayasubiri ushahidi. Aliyetajwa humo anaeleweka kuwa anatakiwa kulipa. Ulinganisho na jinai unaonyesha ukubwa wa tofauti. Huko lugha imeweka ngazi: mtuhumiwa si mshtakiwa, na mshtakiwa si aliyetiwa hatiani. Katika madai, mtu huitwa mdaiwa siku anapopokea wito, na mara nyingi angali akiitwa mdaiwa siku mali yake inapokamatwa ili kukazia hukumu. Kiingereza cha Sura ya 33 kina majina mawili kwa hali hizo mbili. Matumizi ya Kiswahili yameziunganisha, na muungano huo unaipa tuhuma sura ya deni kabla hakimu hajasikiliza chochote.

Jina la uwanja wote nalo lina mwelekeo wake. Kiarabu, kilichokipa Kiswahili shina dai, huuita upande huu wa sheria kwa neno linalohusu maisha ya mji, na Kiingereza hufuata Kilatini kinachohusu uraia. Kiswahili kimechagua kitendo cha kudai. Chaguo hilo lina nguvu, kwa kuwa linamweleza mwananchi kwamba mahakama haianzi kusema mpaka mtu aseme. Lakini lina gharama pia: mgogoro wa malezi ya mtoto huwekwa chini ya neno linaloashiria kwamba kuna kitu cha kulipwa. Tuzo huongeza mkanganyiko huo. Katika hati za utekelezaji, mshinda tuzo ni mtu aliyepewa haki na mahakama. Kwa msikilizaji wa kawaida ni mshindi wa mashindano, ambaye kilichobaki kwake ni kupokea zawadi. Kumbe ndipo kazi ngumu ya kukazia hukumu inapoanza.

Hatari kubwa zaidi imo katika vitenzi. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Ngoni-Matengo Cooperative Marketing Union dhidi ya Alimahomed Osman, iliweka wazi kwamba rufaa isiyotimiza masharti ya kuwasilishwa huondolewa mahakamani. Haitupwi kana kwamba imesikilizwa na kushindwa. Kila mtahiniwa hukariri tofauti hiyo. Kwa Kiswahili, hata hivyo, kutupwa, kutupiliwa mbali, kufutwa na kuondolewa hutumika kwa kupokezana, katika habari za magazeti na katika mazungumzo. Aliyeondolewa shauri lake kwa kasoro ya hati anaweza kurekebisha na kurudi, muda wa kisheria ukiruhusu. Akielezwa kwamba shauri limetupwa, anaweza kwenda nyumbani moja kwa moja, na haki yake ikapotelea katika kitenzi.

Inaweza kupingwa kwamba muktadha huondoa utata, na kwamba kila taaluma hukopa maneno ya kawaida na kuyapa maana finyu. Hoja hiyo ni sahihi kwa wanataaluma wanaozungumza wao kwa wao. Haitoshi mahakamani, kwa sababu wengi wanaofika huko hawana wakili, na lugha ilibadilishwa kwa ajili yao. Istilahi inayoeleweka na mawakili tu imetimiza nusu ya kazi ya mabadiliko ya mwaka 2021.

Tiba haihitaji kuanza na msamiati mpya. Inaweza kuanza na kubana matumizi ya uliopo: mdaiwa abaki kwa mtu ambaye shauri lake halijaamuliwa, na baada ya hukumu aitwe mdaiwa wa hukumu bila kufupisha, kuondoa na kutupa vipewe mipaka isiyovukwa katika amri za mahakama. Vilevile upimaji ubadilike. Mtahiniwa anayeweza kutaja vigezo vya res judicata ameonyesha kumbukumbu. Akitakiwa kumweleza kwa Kiswahili mkulima asiye na wakili kwa nini hati yake imeondolewa, kwamba dai lake halijaamuliwa, na afanye nini kabla ya muda kwisha, ataonyesha kama ameielewa sheria yenyewe.