Kuosha Mpaka Ubaki Mwanga wa Kweli

Lita moja ya seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ya mtu mzima mwenye afya ina takriban gramu 40 za albumini peke yake. Humo humo daktari anayehofia moyo wa mgonjwa hutaka kujua kama imo troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, na mashine nzuri huanza kuiona ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Utafutaji wa namna hii hufanyika kila siku katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Kariakoo ukivuka Barabara ya Morogoro kuingia Upanga, na katika maabara nyingine kubwa za katikati ya jiji. Hufanyika kwa mwanga. Nami naustahi sana ufundi huu kwa sababu sehemu yake kubwa ni kuondoa.

Chukua homa ya ini aina ya B. Kirusi chake kimevaa koti la protini, na vipande vya koti hilo huelea kwa wingi katika damu ya aliyeambukizwa. Baruch Blumberg aliyeitambua protini hiyo miaka ya 1960 alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi wa wanaosukuma mikokoteni na kuuza vitenge mitaa ya Congo na Msimbazi, Kariakoo, walizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Mtu anaweza kukaa na kirusi hiki miaka mingi bila kuumwa popote, huku ini likiharibika taratibu. Dalili hana, ila protini ipo.

Kuipata, seramu huchanganywa na chembe ndogo mno za sumaku zilizopakwa kingamwili zinazoidaka protini hiyo tu. Sumaku huzivuta chembe ukutani mwa kikombe, kisha maji maalumu hupitishwa kuondoa kila kisichoshikwa. Huletwa kingamwili za pili zilizobebeshwa kemikali ya akridinio, nazo hujibandika pale tu palipo na protini. Kikombe huoshwa tena. Mwisho hutiwa hidrojeni peroksaidi pamoja na alkali, na akridinio hutoa mmuliko wa buluu hafifu unaokwisha ndani ya sekunde chache. Katika giza la mashine, kifaa kinachohesabu mwanga kinasubiri muda huo tu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna taa inayomulikwa kwenye sampuli. Mwanga wote unazaliwa humo humo, kama ule wa kimulimuli anayewaka kwa kemia ya mwili wake, kwa hiyo hata nuru ndogo mno huonekana. Kabla yake, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa wameonyesha, kufikia mwaka 1960, jinsi ya kupima insulini kwa kutumia iodini yenye mionzi. Njia yao ilifungua mlango mkubwa, lakini ilidai ulinzi dhidi ya mionzi, na alama zake zilififia zenyewe kadiri siku zilivyopita. Mwaka 1983 watafiti wa Cardiff, Wales, walichapisha matumizi ya akridinio kama alama ya kingamwili, na kazi ya mionzi ikaanza kukabidhiwa mwanga.

Lakini mashine huosha kile ilichopewa tu. Mteknolojia wa maabara huanza kazi kabla yake. Huiacha damu igande kikamilifu, takriban nusu saa, ndipo aizungushe. Akiharakisha, nyuzi za fibrini hubaki kwenye seramu, hunasa kingamwili zenye akridinio, na mtu asiye na ugonjwa huonekana anao. Huinua tyubu na kuiangalia kwa macho: wekundu unamwambia chembe za damu zimepasuka, weupe kama maziwa unamwambia kuna mafuta mengi. Hukagua jokofu la vitendanishi, ambalo lazima libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hata joto la Dar es Salaam likipanda na umeme ukikatika. Hupitisha kwanza sampuli za kontroli ambazo majibu yake yanajulikana. Zikitoka nje ya mipaka, hakuna mgonjwa anayesomwa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote huja baada ya mwanga kuonekana. Jibu likitoka chanya, kipimo hurudiwa. Kisha mteknolojia anaweza kuitia sampuli kingamwili huru zinazoifunika protini ya kirusi, na kuipima upya. Kama mwanga ulitoka kweli kwenye protini hiyo, sasa lazima ushuke, walau kwa nusu. Usiposhuka, ulitoka kwingine, na mtu huyo haandikiwi kwamba ana kirusi. Mtaalamu aliyehangaika kuupata mwanga hujitahidi kuuzima, na hauamini mpaka uzimike.

Jibu gumu kulitoa kwa uaminifu ni «haimo». Kwa neno hilo mfuko wa damu iliyochangwa huruhusiwa kwenda kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Giza ndani ya mashine linaweza kumaanisha damu ni salama. Linaweza pia kumaanisha kitendanishi kimeharibika, sindano ya mashine imeziba, au tyubu zimebadilishana majina. Kinachotenganisha maana hizo ni kazi ya mtu aliyesubiri nusu saa, akasoma lebo mara mbili, akakataa kuanza kontroli ilipomkatalia. Huyo mama hatamjua kamwe, wala jina lake halitaandikwa kwenye mfuko. Mteknolojia huyo anastahili heshima tunayompa daktari mpasuaji, kwa sababu mpasuaji mwenyewe huruhusu damu ile itundikwe akiliamini neno lake.