Nzi Hana Mhakiki

Uhakiki wa vifaa vya uvuvi wa nzi ni utanzu wenye kiburi kidogo. Mwaka huu nimeusoma sana, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu namna watu wanavyoandika juu ya vitu wanavyonunua, na sasa naweza kukisia aya inayofuata kabla sijaifikia. Fimbo itasemwa kuwa ina roho. Itasemwa kuwa inazungumza na mkono. Mwandishi atatueleza aina ya kaboni, gundi, rangi ya varnishi, kizibo cha mpini, hata mfuko wa kuibebea. Mwishoni, kwenye sentensi ya pembeni, atataja nzi aliyetumia siku hiyo, kwa jina tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona uvuvi huu, nieleze kwa vitu tunavyovijua. Mvuvi wa mshipi wa pwani ana ndoana, chambo na chubwi, na chubwi ndiyo inayoupeleka mshipi mbali na chini. Mvuvi wa nzi hana chubwi wala chambo. Ana ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na uzi mpaka ikafanana na mdudu, na kitu hicho ni chepesi mno hakirushiki. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe: unarusha mshipi, nzi anaufuata. Ndiyo maana fimbo hupewa namba kulingana na mshipi. Fimbo ya namba 5 ni ile inayofaa mshipi ambao futi 30 zake za mwanzo zina uzito wa greni 140, yaani kama gramu 9. Mpaka hapo wahakiki wanatusaidia. Wakisema fimbo ni ya kasi, wanamaanisha inapinda karibu na ncha na kurusha mbali. Ikiwa ya taratibu, inapinda mpaka karibu na mpini na kumtua nzi kwa upole. Hayo ni maarifa, na anayeanza anayahitaji.

Tatizo langu ni uwiano. Fimbo ya juu leo inauzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na maneno yanakwenda zilipo pesa. Lakini hebu mfikirie mtu anayevua kwenye kijito cha Aberdare, ambako trauti waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 ili walowezi wapate mchezo wa nyumbani kwao. Kijito chembamba, matawi yameinama juu ya maji, nyuma yako kichaka. Fimbo inayorusha mita 25 utaipeleka wapi? Hapo samaki yuko hatua chache mbele yako, na kitu pekee katika vifaa vyote hivyo ambacho atakigusa ni nzi.

Haikuwa hivi tangu zamani. Maelezo ya kale ya uvuvi huu yanayotajwa zaidi ni ya Aelian, mwandishi wa Roma, yapata mwaka 200. Anaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo yaliyoota chini ya undu, yenye rangi ya nta. Fimbo na mshipi anavitaja kwa ufupi: kila kimoja futi sita. Basi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1892, Mary Orvis Marbury alichapisha nchini Marekani kitabu kinene chenye picha za rangi za nzi, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa binti wa mwenye kampuni ya Orvis na ndiye aliyesimamia kazi ya kufunga nzi pale, kazi iliyofanywa na wanawake. Nakipenda kitabu hicho kwa sababu kinamchukulia nzi kama kitu chenye historia: nani alimbuni, jina lake limetoka wapi, mto gani unamkubali. Hata hivyo barua zilizojaa humo ni za wavuvi. Wanaume waliotumia nzi wanasimulia. Kwa msimamizi wa wafungaji, naona hilo ni jambo la ajabu, na nadhani utanzu mzima umelirithi.

Maana nzi hawa wanafungwa na watu. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo vizuri. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya nzi wanaouzwa Uingereza wamefungwa Kenya; kampuni ya Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake hapa. Wengine hufungwa Sri Lanka na Thailand. Shangazi yangu amefunga kwa miaka 19 katika karakana moja ya Nairobi, ndoana imebanwa kwenye jiliwa dogo mbele yake, kwa malipo ya dazeni. Dazeni ikikataliwa, hailipwi. Hajawahi kuvua samaki kwa fimbo yoyote, lakini ni mhakiki mkali kuliko wote niliowasoma.

Vigezo vyake havina roho wala mazungumzo na mkono. Anaanza na tundu la ndoana. Mfungaji mwenye haraka hujaza kichwa cha nzi kwa uzi na varnishi mpaka tundu linaziba. "Huyo mtu atasimama kwenye maji baridi," alinieleza, "vidole vimekufa ganzi, anatafuta tundu halioni. Hatarudi kwenye duka lile tena." Kisha mkia: usizidi sana urefu wa kiunzi cha ndoana. Kisha nyoya la shingo la jogoo linalomzunguka nzi wa kuelea: nyuzi zake ziwe ndefu kidogo kuliko upana wa mdomo wa ndoana, zikizidi nzi anapinduka juu ya maji. Kisha anamsukuma kwa kucha aone kama mwili unazunguka kwenye chuma. Ukizunguka, uzi haukukazwa.

Kigezo cha mwisho ndicho kigumu, nacho ni kufanana. Nzi mmoja mzuri hata mwanafunzi anaweza kumfunga. Kumi na wawili wasiotofautiana, namba 18, wenye urefu kama wa punje ya mchele, saa tisa alasiri ukiwa umeketi tangu asubuhi, hiyo ndiyo kazi.

"Shangazi, samaki anajali hayo yote?" nilimuuliza.

"Samaki hajali. Msimamizi anajali."

Jibu hilo linavunja hoja ambayo wahakiki huitegemea, kwamba nzi huhakikiwa na samaki na kwa hiyo hakuna la kuongeza. Kila mvuvi anajua nzi aliyetafunwa na kuchakaa anaweza kuendelea kunasa. Anayehitaji tundu wazi, mwili usiozunguka na dazeni inayofanana ni mnunuzi, na maarifa ya vitu hivyo yako mezani kwa mfungaji. Katika kurasa nilizosoma, kosa la nzi likitajwa husemwa tu kwamba "ametoka nje", kana kwamba umbali ndio uliolegeza uzi. Kaboni ya fimbo nayo mara nyingi imetoka nje, ila hiyo huitwa teknolojia.

Sitaki pia tuhamie kwenye sifa ya "kazi ya mikono". Neno hilo linapendeza kwenye lebo na halimwongezei mfungaji hata shilingi. Ninachotaka ni kidogo: anayeandika maneno 2,000 kuhusu fimbo aandike 200 kuhusu nzi, ageuze dazeni nzima, aseme tundu liko wazi au limeziba, na aseme wamefungwa wapi kama anavyosema kaboni imetoka wapi.

Mwezi uliopita nilipata dazeni ya nzi wa mkia wa fezanti, aina iliyobuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Wiltshire, kwa nyuzi za mkia wa ndege huyo na waya mwembamba wa shaba. Duka lililowauza liliwapa nyota tano na sentensi moja: wananasa. Nilimpelekea shangazi. Aliwapanga juu ya karatasi nyeupe, akavaa miwani, akanyamaza kama dakika tatu. Kumi, alisema, ni wa mtu mmoja, mzoefu, asiyepoteza uzi. Wawili ni wa mtu mwingine. Nilitazama nisione tofauti. Akanionyesha waya wa shaba: kwa wale kumi ulipanda mwilini ukiegemea upande mmoja, kwa wale wawili uliegemea upande wa pili.

"Huyu ni wa mkono wa kushoto," alisema. "Na bado mgeni. Ona alivyorudia kichwa, anaogopa kitafumuka."

Akaniuliza dazeni nimeinunua pesa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kimya kimya kwa midomo, kisha akaomba aangalie tena wale wawili.