Sanhuri na Msingi wa Sheria ya Madai

Dkt. Abd al-Razzaq al-Sanhuri ndiye aliyeongoza uandishi wa Sheria ya Madai ya Misri ya mwaka 1948. Ndugu msomaji, tumpe haki yake: kifungu cha 5 kinamkataza mtu kuitumia haki yake kwa lengo la kumdhuru mwenziwe, jambo ambalo mafaqihi walilisimamia zamani. Lakini kifungu cha 1 kimeiweka Sharia ya Kiislamu nyuma ya kanuni zilizotungwa na ada za watu, na kifungu cha 227 kimeruhusu riba ya makubaliano hadi asilimia 7. Katika fiqhi, ridhaa ya wawili haihalalishi riba. Ikiwa dhara imekatazwa kwa jirani, vipi ihalalishwe kwa mdaiwa? Wallahu a'lam.