Amri ya Nane na Neno “Wakora”

Katika majimbo kadhaa ya Marekani majaji huchaguliwa kwa kura, na matangazo ya kuwachafua yamezoeleka. Kwetu Afrika Mashariki majaji huteuliwa. Hata hivyo majukwaa ya kampeni hayakuwasaza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alisema anaiheshimu hukumu. Kisha, mbele ya wafuasi wake, akawaita majaji “wakora”.

Kuikosoa hukumu ni halali. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u waliipinga kwa hoja zinazojibika. Neno “mkora” halina hoja. Humhukumu mtu bila shauri, naye jaji hawezi kupanda jukwaani kujitetea.

Katika Katekisimo Kubwa, Luther anaanza kuieleza Amri ya Nane kwa habari ya mahakama. Anataka jaji awe jasiri, kwa kuwa haki itamlazimu kuwaudhi marafiki, matajiri na wenye nguvu. Basi, amtishaye jaji kwa matusi humwondolea maskini kimbilio lake. Na mhubiri anyamazaye kwa sababu mtukanaji ni wa chama chake, ameshiriki ushuhuda huo wa uongo.