Mgeni wa Pumzi

Kabla hajasema lolote, mzee alitoa wembe mfukoni.

Wapulizaji tisa walikuwa wamekaa nusu duara mbele yake, juu ya viti vya plastiki, uani kwa watu, Magomeni, chini ya mwembe uliokuwa ukipukutisha maua ndani ya saksafoni zao, madomo ya bata. Watatu walitoka kwenye bendi za dansi, wawili walikuwa wastaafu wa bendi ya jeshi, wawili wa kanisani, na wawili vijana wa matarumbeta, wale wanaopanda nyuma ya pikapu kumzungusha bibi harusi mji mzima. Mwenzao mmoja, ambaye kifua kimemkatalia kupuliza, alikuwa anaoza binti. Nao wakaapa kwamba binti huyo atatoka nyumbani kwa saksafoni tupu, bila gitaa wala ngoma. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba kila mmoja wao alikuwa kiongozi huko alikotoka, na mazoezi mawili ya mwanzo yaliishia kwenye kununiana. Ndipo wakamwita mgeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nipeni ridi zenu."

Akazipokea moja moja, vile vibanzi vya mwanzi vinavyotetemeka mdomoni mwa saksafoni. Alizilamba, akaziinua juani kama muuza mayai anavyokagua mayai yake. Ile iliyokuwa nene aliiparua kwa wembe, polepole, upande mmoja tu, akaijaribu mdomoni mwake, akaiparua tena. Iliyomeguka ncha aliibana kwenye ukingo wa sarafu, akaichoma kwa kiberiti mpaka ikafuata mviringo wa sarafu. Teno moja ilikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli mahali pa springi. Akauvuta, ukarudi, akaridhika. Alto moja ilikuwa na shingo iliyolegea, akaizungushia uzi. Kazi hiyo ilikula zaidi ya saa nzima. Kijana mmoja wa matarumbeta akaanza kuchezea simu. Mzee hakumkemea. Alipomaliza alifuta wembe kwenye suruali yake, akasema, "Haya, sasa tunaweza kusalimiana."

Kwa watu wa bendi, mgeni wa namna hii ana jina lake: deiwaka. Ni yule anayeitwa kwa siku moja kuziba pengo la aliyeugua au aliyehamia bendi nyingine, akalipwa chake usiku uleule na kwenda zake. Madeiwaka wengi ni viraka tu, na kiraka hakisemi neno. Lakini wapo wachache wanaoitwa ili washike usukani. Hao ndio ninaotaka kuwasifu, kwa sababu wanafanya jambo ambalo wenyeji, hata wawe hodari kiasi gani, hawawezi kufanyiana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nilizoea kuielewa kwa tumbo: mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye akapata paja. Siku ile niliielewa kwa mapafu.

Mzee hakuwa na fimbo, wala hakusimama. Alikaa kwenye kiti kama cha wenzake, alto yake mapajani. Kwanza alimwondoa mstaafu mwenye baritoni pale pembeni alipokuwa, akamweka katikati. "Wewe ndiye sakafu," alimwambia. "Sakafu haikai barazani." Alto tano akazigawa kushoto na kulia, teno tatu nyuma. Kisha akavuta pumzi kwa pua, kwa sauti, kama mtu anayenusa pilau ya jirani, akatulia. Hakuna aliyeelewa. Akarudia. Mara ya tatu wakavuta naye, wote tisa, na mwembe mzima ukasikika ukipumua. Hakuwaruhusu kupuliza. Waliendelea hivyo, pumzi tupu, mpaka wale wa jeshi wakaanza kucheka na wale wa kanisani wakaanza kupendezwa.

Alikuwa anawasoma. Wastaafu wa jeshi walikuwa na pumzi ndefu, za gwaride. Wa kanisani walikata pale beti inapokata, maana miaka yote wamefuata maneno ya tenzi. Vijana wa matarumbeta walikuwa na pumzi fupifupi. Nyuma ya pikapu, baina ya mashimo ya barabara na honi za bodaboda, ni nani atakayevuta pumzi ndefu? Wa dansi walijua kusubiri, kwa kuwa katika dansi mpulizaji hukaa kimya akipisha waimbaji, halafu huingia kwa kishindo. Kila mmoja aliamini kwamba namna yake ndiyo namna.

Mgeni hakumwambia hata mmoja kwamba amekosea. Alinyoosha kidole tu: "Wewe na wewe msivute pamoja. Huyu akikata, yule ashike. Akirudi, rudi kimyakimya, usibishe hodi." Akawapanga hivyo wawili wawili, mwenye pumzi fupi kando ya mwenye pumzi ndefu, mjeda kando ya kijana wa pikapu. Waliporudia wimbo, sauti ilitoka kama shuka moja isiyo na mshono. Yule kijana aliyekuwa na simu aliacha mdomo wazi, akakosa zamu yake.

Nimewahi kusoma kwamba chombo hiki kilizaliwa kikiwa kimefungwafungwa vilevile. Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, alisajili uvumbuzi wake Paris mwaka 1846. Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 1844, mtunzi Hector Berlioz aliongoza wapulizaji wa ala sita za Sax mbele ya watu, na Sax mwenyewe akipuliza saksafoni ambayo ilikuwa haijakamilika. Inasimuliwa kwamba baadhi ya sehemu zake zilishikizwa kwa kamba na lakiri. Kwa hiyo mpira wa baiskeli wa Magomeni una ukoo. Sax alifundisha katika chuo cha muziki cha Paris kuanzia 1857, darasa likafungwa 1870, na halikufunguliwa tena mpaka 1942, alipopewa Marcel Mule. Miaka sabini na miwili! Muda wote huo saksafoni iliishi kwa askari na kwenye kumbi za dansi, ikipokezanwa mdomo kwa mdomo. Mwaka 1977, kule Bordeaux, Jean-Marie Londeix alikusanya wapulizaji kumi na wawili wakawa kundi moja, na leo makundi makubwa ya saksafoni, mengine ya watu makumi, yamezagaa Ulaya, Marekani na Japani. Yana desturi ya kualika waongozaji kutoka nje. Mgeni hupewa mazoezi machache, kisha jukwaa. Nadhani na wao wamegundua walichogundua wale wapulizaji wa Magomeni: ndugu hawatengenezani pumzi.

Huku kwetu habari ilianza na ngoma ya beni. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana Dar es Salaam na Tanga, Kingi na Skochi vikashindana Mombasa, kila upande na vyeo vyake na mbwembwe zake. Baadaye zikaja bendi za jazi, na baada ya uhuru bendi za mashirika na majeshi: Nuta Jazz mwaka 1964, na nyingine zikafuata. Mle ndani mpulizaji alikuwa mtu mwenye mshahara, na kiongozi wa wapulizaji alikuwa mtu mwenye heshima. Michael Enoch, King Michael, aliyetamba kwa gitaa katika Dar es Salaam Jazz, alikuja kuongoza Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, na domo la bata likiwa mkononi mwake. Chinyama Chianza aliiongoza Maquis, bendi iliyotoka Kongo, naye vilevile alikuwa mpuliza saksafoni. Halikuwa jambo la bahati tu. Mpiga gitaa anaweza kupiga kutwa bila kujua jirani yake anapumua wapi. Mpulizaji hawezi.

Niliwaona Maquis nikiwa mtoto, kama kuchungulia ni kuona. Kaka yangu alinibeba mabegani nje ya ukuta wa ukumbi wa White House, Ubungo, kwa sharti kwamba nimsimulie kila kitu, maana yeye alikuwa akitazama matofali. Sikumbuki sura ya mtu hata mmoja. Nakumbuka shaba. Zilikuwa zimelala chini, zimetulia, waimbaji wanaimba, halafu kwa wakati mmoja zikapanda, taa zikaziwakia, na kabla ya sauti kutoka nikaona mabega ya wapulizaji wote yakiinuka. Hilo ndilo lililobaki nami: mabega yale. Sauti ilikuja baadaye kidogo, nikakaribia kuanguka. "Wanafanya nini?" kaka aliniuliza kutoka chini. "Wanavuta pumzi," nikamwambia. Aliniteremsha kwa hasira, akidhani namdanganya. Mtindo wao uliitwa Kamanyola bila jasho. Nami nashuhudia kwamba jasho lilikuwepo, liliwaloanisha mashati mpaka kiunoni.

Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba yale mabega hayakuinuka yenyewe. Kulikuwa na mmoja aliyeanza, kwa nukta isiyoonekana, na wengine wakamfuata kwa kumwamini. Nyimbo zenyewe zimebaki. Nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania, nyingine zilifyatuliwa santuri Nairobi, na bado zinapigwa, siku hizi zimekuwa za kuliwaza watu wazima asubuhi ya Jumapili. Ukizisikiliza utamjua mwimbaji, utamjua mpiga solo. Yule aliyevuta pumzi kwanza hutamsikia. Kazi yake huisha kabla wimbo haujaanza.

Kisha kikaja kinanda. Siwalaumu sana wenye bendi. Wapulizaji wanne ni mishahara minne na nauli nne, na ridi ni bidhaa ya kuagiza; kinanda ni mtu mmoja na waya. Mwenye bendi aliyelipwa na mwenye baa ujira uleule kwa watu kumi na wanane na kwa watu tisa angekuwa mjinga kupeleka kumi na wanane. Hesabu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni jinsi tulivyokubali haraka kwamba sauti ile ni ileile. Kinanda hutoa mlio wa saksafoni nne bila bega hata moja kuinuka, na mlio huo haukati mpaka kidole kichoke. Wimbo usiopumua unamsumbua mchezaji bila yeye kujua. Ndiyo maana watu sasa wanacheza kama wanaokimbizwa.

Saksafoni yenyewe haikufa. Imerudi kwa mlango mwingine, mlango wa ukumbi wa harusi. Utamwona kijana amevaa suti inayong'aa, anatembea baina ya meza, chombo kipya kinachometa, na kwenye spika muziki uliokwisha kupikwa unatoka kwenye flashi. Wengine wanajua kupuliza haswa. Nimesikia sauti safi ambazo wazee wale wangezionea wivu. Lakini flashi haimsubiri. Akitaka kuirefusha sentensi kwa sababu bibi harusi ametabasamu, haiwezekani. Hana wa kumfuata wala wa kumwongoza. Watu wanampiga picha, wanamtuza, na mshereheshaji anamkatisha katikati ili kutangaza keki.

Siku ya harusi ile ya Magomeni nilifika mapema. Walipanga mstari kutoka mlangoni mpaka barabarani, baritoni katikati kama walivyoelekezwa. Mzee hakuwa mbele. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho, kofia imeshushwa, huwezi kumtambua. Mlango ulipofunguliwa vijana walimgeukia mkubwa wao wa jeshi, kwa mazoea, naye mjeda akamgeukia mzee. Nikaisikia pua yake ikivuta pumzi. Mabega ya watu kumi yakapanda. Baba wa binti, ambaye hapulizi tena, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango na mikono yake ikiwa magotini, na niliona kifua chake nacho kikipanda pamoja nao, halafu akaanza kukohoa, halafu kulia, sijui kipi kilitangulia.

Kijana wa matarumbeta alinieleza baadaye kwamba alimwomba mzee amfundishe. Mzee alimwambia aje na mwenzake mwenye saksafoni, kwa sababu kazi hiyo haifundishiki kwa mtu mmoja. Mpaka naandika haya kijana bado anatafuta mwenzake.

Basi msomaji, Jumamosi ijayo ukimwona harusini mpulizaji mmoja na flashi yake, mtuze, amefanya kazi. Ukishamtuza, muulize wenzake wako wapi.