Pongezi kwa Wasikilizaji wa Gerezani

Mwaka 1991, katika gereza la Swansea huko Wales, shirika la hisani la Samaritans lilianza kuwafundisha wafungwa kazi moja ngumu: kumsikiliza mwenzao aliyekata tamaa. Mpango ukaenea katika magereza mengi ya Uingereza, na mpaka leo mfungwa aliyejijeruhi, au anayehisi yu karibu kufanya hivyo, anaweza kuomba msikilizaji.

Nawapongeza wasikilizaji hawa kwa moyo wote. Wanajitolea. Hawahubiri, wala hawamwulizi mtu kosa lililomfikisha pale. Wanakaa naye, wanamwacha aseme, na siri yake wanaitunza. Thamani yao iko hapo hasa, maana wafungwa wengi huogopa kumfungulia moyo yule anayeshika funguo za seli.

Hawachukui nafasi ya muuguzi au daktari. Huko, askari akiona dalili za mfungwa kutaka kujidhuru hufungua jalada la uangalizi, na ndani ya saa 24 mfungwa huketi na mtathmini aliyefunzwa, anayemwuliza waziwazi: ulitaka kufa, au ulitafuta nafuu ya maumivu ya moyoni? Swali hilo ni la lazima, kwa kuwa sababu hutofautiana, na tiba nayo hutofautiana. Wanaosema "anatafuta kuonwa tu" wanakosea vibaya. Aliyejijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye.

Magereza yetu nayo yana wafungwa wenye utu wa namna hii. Wakuu wa magereza, wafundisheni, kisha waacheni wafanye kazi.